Dungu la Emiliana Lapewa Namba

Wewe uliona. Usiseme hukuona. Ulikuwa kwenye treni, kiti cha dirishani, treni imetoka Dodoma inaelekea magharibi, na ulipofika upande wa Bahi ukaona ukungu mweupe unashuka juu ya mashamba ya watu kutoka kwenye vidude vitatu vilivyoning'inia hewani kama mainzi. Ukasema "maendeleo hayo," ukarudi kwenye simu yako. Basi sikiliza sasa kilichokuwa chini ya ule ukungu. Chini yake alikuwepo mtu, na jina lake ni Emiliana.

Emiliana alikuwa na shamba la mtama katika kitongoji cha Chilungule, na katikati ya shamba alikuwa na dungu. Ni kichanja cha miti minne, mtu anakaa juu yake tangu kunakucha mpaka jua linazama, akiamia ndege wasimmalizie nafaka. Mtama unapoanza kutoa masuke, ndege wale kweleakwelea wanakuja kama wingu, na asiyekaa dunguni asitegemee kuvuna. Emiliana alikuwa na kombeo, ndoo ya madonge ya udongo, debe la kupiga na uji wake wa kutwa.

Asubuhi moja alipiga debe, ndege wakaruka, na dungu nalo likaruka. Lilitoka ardhini taratibu, miguu yote minne ikiwa bado na udongo, likapita usawa wa paa la shule, likatulia. Emiliana aliwahi kushika uji usimwagike. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Dungu lile lilijengwa na mama yake, lilikuwa limesukumwa na upepo wa mashariki miaka yote hiyo, na hata mti una mwisho wa kuvumilia.

Jirani yake Loisi alikuwa mpakani akichuma mlenda. Akainua macho.

"We Emiliana! Huko juu mbuzi wangu unawaona?"

"Nawaona. Wako kwa Bartolomayo, wanakula kunde zake."

"Basi nyamaza, asisikie."

Kuanzia hapo Emiliana akawa anaamia kutokea angani. Alikuwa akisema tu, "twende kule," na dungu linakwenda. Alimaliza shamba lake kabla uji haujapoa, akapitia la Loisi, akapitia la Bartolomayo ili yale ya kunde yasahaulike. Kweleakwelea walihamia kata nyingine.

Lakini si ndege waliokuwa wakimnyima usingizi. Ng'ambo ya korongo kulikuwa na shamba la mwekezaji. Kabla ya mwekezaji lilikuwa la ushirika, na kabla ya ushirika lilikuwa malisho ya babu zake Loisi. Kila aliyelichukua alikuja na mkutano, kreti za soda na ahadi, na Chilungule wanawakumbuka wote, mmoja mmoja, mpaka ladha ya soda. Huyu wa sasa alisafisha ardhi yake ya alizeti kwa droni tatu za kupulizia dawa ya magugu. Zilipuliza upepo ukiwepo, zikapuliza upepo ukizidi, na dawa haijui mpaka wa shamba. Mtama wa Emiliana ulianza kuwa njano upande wa korongo. Kila juma unjano ulisogea hatua chache kuelekea katikati. Huo mtama ndio ugali wa nyumba yake mpaka mavuno mengine, hana akiba nyingine popote.

Walishalalamika. Waliambiwa sheria ipo, na nzuri: kila droni lazima isajiliwe, na namba yake iandikwe tumboni. Mwenye malalamiko alete namba. Sasa droni inaruka, herufi zake ni ndogo kama chawa, nani wa Chilungule angeisoma?

Safari hii Emiliana alisema "twende kule," akaenda chini ya droni ya kwanza, akajifunika kanga puani, akatazama. Tumboni hapakuwa na namba. Palikuwa na kibandiko cha ua la alizeti linalotabasamu. Ya pili vile vile. Ya tatu haikuwa hata na ua.

Akapanda bodaboda hadi stendi, akaenda mjini kwenye ofisi inayohusika. Alipokelewa na Masudi, kijana wa Kondoa, mpole, shati limenyooshwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Zile droni hazina namba."

"Umejuaje?"

"Nimepita chini yake."

"Chini yake, juu ya nini?"

"Juu ya mtama wangu."

Masudi aliweka kalamu chini taratibu. "Kwa hiyo mama ulikuwa angani."

"Nilikuwa angani, juu ya dungu langu."

"Una kibali cha kuwa angani?"

Hakuwa nacho. Masudi akamweleza, kwa huruma kabisa, kwamba kilichoonwa na mtu aliyeko angani bila kibali ni kama hakijaonwa. Asajili dungu kwanza, ndipo aone tena.

"Sasa pana tatizo," alisema Masudi. "Meza yangu ni ya ndege zisizo na rubani. Wewe unakaa juu yake. Hiyo inakuwa eropleni, na eropleni inataka uwanja wa kutulia na mambo mengi." Akafikiri. Bibi yake naye aliamia ndege Kondoa, na jambo hilo lilimgusa. "Tufanye hivi. Rubani awe chini. Wewe tukuandike mzigo."

"Mzigo?"

"Kama tangi la dawa."

"Mimi nakaribia gunia la mtama, mwanangu."

"Basi umo ndani ya kiwango."

Rubani akawa Ignas, mume wake, fundi baiskeli ambaye hata ngazi anaiogopa. Alikwenda kwenye mafunzo, akafundishwa upepo, mawingu, umbali wa kukaa mbali na nyumba na visima, akarudi na cheti na kizibao cha kung'aa ambacho hakukivua hata kanisani. Kanuni inasema rubani akione chombo chake kwa macho muda wote. Basi Ignas akawa anakimbia shambani uso ukiwa juu, akiamrisha, na dungu likifuata anachosema Emiliana.

"Kushoto! Emiliana, kushoto!"

"Kushoto kuna nini? Ndege wako kulia!"

"Mzigo hauzungumzi!"

"Shemeji rubani," Loisi akapiga kelele kutoka mpakani, "mzigo wako umeshakuacha, na mbele yako kuna shimo!"

Shimo lilikuwepo kweli. Walimtoa akiwa mzima, kizibao hakijachanika.

Mengine yalifuata. Ilitakiwa bima, ikakatwa. Ilionekana pia kwamba chombo cha kilimo kisichopuliza kitu hakina fungu la kuwekwa, kwa hiyo Emiliana akabeba bomba la mgongoni lenye maji ya mwarobaini, nalo likamsaidia na viwavijeshi, hasara haikuwepo. Lakini mwarobaini nao una kanuni zake. Kabla ya kupuliza uwaarifu majirani, akapita nyumba kwa nyumba akikaribishwa uji kila mlango. Uweke kibao chenye fuvu, akakiweka. Watoto wakalichorea fuvu masharubu. Mwenye nyuki aambiwe mapema, Bartolomayo akaambiwa, naye akawaambia nyuki. Usipulize upepo ukizidi. Emiliana alifunga utepe mwekundu kwenye mti, na utepe ukinyooshwa na upepo alishuka, akakaa kivulini akimenya karanga.

Masudi alikuja mwenyewe kukagua. Alipanda dunguni, akazungushwa mara moja juu ya kitongoji, akashuka akisema kule juu kuna hewa nzuri. Alikula ugali na mlenda, akaandika namba ya dungu kwa rangi nyeupe upande wa chini. Kina mama walipiga vigelegele.

Kesho yake Emiliana alipaa kihalali, rubani chini, kizibao kinang'aa. Akapita chini ya zile droni, akatazama tena. Hazikuwa na namba. Sasa lilikuwa jambo lililoonwa. Ofisi ilipokea taarifa yake na kumshukuru, na mkutano ukaitishwa uwanja wa shule, meneja wa shamba la mwekezaji, Bwana Fredy, akiwepo. Alikuja na kreti za soda.

"Droni zangu mimi zingekuwa na namba," alisema Fredy, akatabasamu. "Nyie wenyewe mmeshuhudia kuwa hizi hazina. Basi si zangu."

Watu wakamgeukia Masudi. Masudi alikuwa akitazama viatu vyake.

"Chombo chenye namba naweza kukiita, nikakihoji, nikakifungia," alisema. "Kisicho na namba kwangu hakipo. Nitakiitaje?"

Wakati huo huo droni tatu zilivuka korongo, zikaja juu ya uwanja wa shule, zikapuliza. Watu wote waliziba chupa zao za soda kwa kiganja. Fredy naye aliziba ya kwake.

"Na hizo ni za nani?" Emiliana aliuliza.

Fredy aliinua macho, akaziangalia kwa makini mpaka zilipomaliza na kurudi kwake.

"Sizijui, mama. Ila zinafanya kazi safi."

Mkutano ukafungwa kwa sala.

Tangu siku hiyo dungu la Emiliana ndilo chombo pekee kinachokaguliwa upande ule. Wameshamwandikia onyo moja, kwa sababu kizibao cha Ignas kimepauka. Nusu ya mtama iliungua hadi shina. Nusu iliyobaki ilivunwa na watu wote, kwa kuwa ndege hawakuigusa, na jioni ya mavuno walicheza ngoma mpaka vumbi likapanda, Ignas akiwa mbele na kizibao chake, Loisi akimwita rubani, Emiliana akicheka hadi kushika ubavu. Nusu ya mavuno si ugali wa mwaka, na kila aliyecheza alijua. Walicheza hivyo hivyo. Dungu lilikuwa juu yao likiwatilia kivuli cha mwezi, na mtu aliyepita barabarani aliuliza tu kama ngoma ina kiingilio.

Zile tatu zimekuwa tano. Zinaruka asubuhi hii unaposoma, upepo ukivuma upande ule ule, kuelekea mtama mpya kwenye nusu ile iliyobaki ya shamba la mwanamke aliyetimiza kila alichoambiwa atimize. Wewe una miguu na una sauti, na karibu na kwako pia kuna kitu kinachopuliza. Inuka. Si baada ya chai, sasa hivi. Nenda ofisi ya kata, simama mbele ya watu, uulize kwa sauti: hizi ni za nani? Wakikuambia hazijulikani, vuta benchi ukae mlangoni, wakupite, wakuruke, wakufagilie vumbi. Usiondoke hapo mpaka mtu ataje jina.