Magoti ya Shekhe Yaarub

Ulikuwepo barazani mwezi uliopita, usijitie kusahau. Ulimwona Aflah akinyimwa ruhusa ya kusafiri, ukageuza uso, ukajifanya unatazama mbuzi wa jirani. Mie nakumbuka.

Mwaka huu wa 1968, Maskati nzima, bila ruhusa ya Shekhe Yaarub, mshika muhuri wa safari, hutoki. Hija, sawa. Maradhi, labda. Kusoma, haramu. Na Aflah alikuwa kapata nafasi ya kusomea udaktari Kirgizia, huko kwa Warusi, katika mji wa milimani aliko kaka yake Majid. Angechelewa, nafasi angepewa mwingine.

Shekhe ana mtindo wake. Anakumiminia kahawa, ukikitikisa kikombe, yaani umetosheka, anakwambia "hapana," unakwenda zako. Kabla hujakitikisa, ustaarabu haumruhusu kukutoa. Sisi tuliotoka Unguja tukitikisa upesi, kwa adabu, tukatolewa upesi.

Siku ya pili akaja Bibi Mahbuba, mama yake Aflah, na mwanawe nyuma yake. Hakutikisa.

"Shekhe, mji ule una msikiti wa mbao, wa Waislamu wa Kichina. Hauna hata msumari."

"Unasimamaje?"

"Umepachikwa tu. Nitilie kahawa. Hatua chache kuna kanisa la Warusi, nalo la mbao. Na Jumapili kuna soko: Wakirgizi wanauza farasi, Wauighuri wanauza tambi, hapana anayemuuliza mwenziwe kabila."

"Uongo huo, Bibi."

"Majid kaona kwa macho yake. Hata maziwa ya farasi wanakunywa."

"Astaghfirullah!" Akamimina tena, nusu ikaingia mkekani.

"Na maji ya moto yanatoka mlimani. Wazee wanaingia wanatambaa, wanatoka wanatembea."

Shekhe akayashika magoti yake. Wallahi aliyashika.

"Magoti pia?"

"Hasa magoti. Lakini apelekwe mtu kwanza akayajaribu, isije ikawa uzushi. Huyu mwanangu naye magoti yake mabovu."

Aflah, aliyesimama wima kama mnazi, akaanza kupinda.

Shekhe alijua. Hata kuku wa uani walijua. Akamtazama Bibi, akalitazama birika limebaki mashapo matupu, akagonga muhuri: matibabu. Ndipo Bibi akakitikisa kikombe, taratibu, akashukuru.

Aflah keshafika huko. Sasa sikiliza. Asubuhi hii Hind, dada yake, kaingia kwa Shekhe anachechemea. Anataka kusomea ukunga mji ule ule. Shekhe kamwambia nyumba moja mgonjwa mmoja anatosha, ila ikiwa ni maradhi ya mji mzima, hapo atafikiri.

Basi nayawe maradhi ya mji mzima! Hind bado amekaa pale, peke yake, na Shekhe akisali adhuhuri anafunga mlango. Wacha mbuzi wa watu. Inuka, mwamshe na nduguyo, na binti yako, mchechemee nyote mpaka mlangoni kwake. Si kesho. Sasa hivi.