Pipa la Sharubati

Bwana Mapipa hakuwa na haya, tuanzie hapo hapo. Alinunua mapipa matupu ya plastiki viwandani, akayabandua lebo, akawauzia watu wa mtaani wayatumie kuwekea maji. Ukimuuliza pipa lilikuwa la nini, jibu lilikuwa moja tu: la sharubati. Kwake yeye mapipa yote ya dunia hii yalikuwa ya sharubati.

Msusi wa pale kona alimnunulia mama yake moja. Mama alikuwa mshonaji, na macho yake ndiyo yaliyomlea binti huyo tangu baba yake afariki. Pipa lilipofika, mama aliinama kulisugua, na masalia ya chini yakamrukia usoni. Jicho moja likafa palepale. La pili likabaki kuona vivuli tu. Bwana Mapipa naye, bila hata kuja kumpa pole, akatangaza mtaa mzima kwamba bibi yule alijimwagia dawa yake mwenyewe ya kufulia, sasa anatafuta wa kumsingizia.

Hapo ndipo msusi alipokula yamini. Jicho halirudi, sawa, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mtu yule ataumbuka mbele ya watu, na yeye atakuwepo aone.

Muuguzi aliyemsafisha mama alikuwa ameuliza lebo iko wapi. Msusi alirudi nyumbani, akalipindua pipa, akakuta chini ya ukingo kipande kilichoponyoka wembe: pembe nyekundu na ncha za vidole. Akampelekea. Muuguzi akamchorea picha nzima kwenye bahasha ya vidonge: mraba uliosimama kwa ncha, ukingo mwekundu, ndani yake vichupa viwili vinadondosha kitu, kimoja juu ya chuma, kingine juu ya mkono wa mtu, na mkono unalika.

"Popote uendako picha ni hii hii," alisema. "Wameiweka ili hata asiyejua kusoma ajue kwamba kitu hiki kinaunguza."

Basi msusi akaanza kupitia jalala lililokuwa nyuma ya ua wa Bwana Mapipa. Loo, lebo zilivyojaa! Mafuvu na mifupa yake, ndimi za moto, samaki waliokufa kando ya miti mikavu, zote zimetupwa kama maganda ya ndizi. Akaokota moja ya mkono unaolika, ikiwa nzima, akaenda zake kutafuta gundi.

Siku ikafika. Bwana Mapipa alifungua duka la pili, na ili kuwaziba watu midomo akatoa sharubati ya bure ndani ya pipa lake mwenyewe. Msusi alikuwa ameitwa asubuhi amsuke mkewe katika chumba cha nyuma. Alipomaliza, alipita kando ya pipa, akaibandika ile lebo, akasimama pembeni kusafisha kitana chake.

Wageni wakaja na vikombe, wakaiona picha. Dereva mmoja wa lori akasema mizigo yenye alama ile yeye haishiki bila glovu. Vikombe vikashuka. Bwana Mapipa akacheka, akauliza ni mtani gani huyo.

Mazoea yana taabu. Mkono wake uliingia mfukoni wenyewe, ukatoka na wembe. Mfuko wa nyuma ukatoa tambara lenye mafuta ya taa. Akapaka, akangoja kidogo, akapitisha wembe chini ya pembe, akavuta, na lebo ikatoka bila kuacha hata alama. Akawageukia watu akitabasamu.

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa na pipa safi kama lile nyumbani kwake.

Msusi akajitokeza. "La mama yangu ulilibandua hivyo hivyo," alisema. "Haya, sasa kunywa."

Bwana Mapipa akachota, akainua kikombe, kikagota mdomoni. Pipa lile alilitoa asubuhi kwenye rundo, na kwenye rundo yote yalifanana, maana lebo alizibandua mwenyewe. Hata yeye hakujua lilikuwa la nini. Msusi alimtazama na, Mungu amsamehe, aliomba kimoyomoyo anywe. Anywe yote.

Akakiweka chini.

"Baba watoto," mkewe akasema taratibu, "na lile la kwetu nyumbani ulilitoa wapi?"



Msusi aliporudi nyumbani, mama alikuwa ameketi mbele ya cherehani yake, mikono mapajani. Aliusikia mlango, akauliza kama Bwana Mapipa alikunywa.

"Hakunywa, mama."

"Kumbe alijua."

Nje mapipa yalikuwa yanaviringishwa kurudishwa dukani, moja baada ya jingine, na watu wanamtaja mwenyewe kwa matusi. Mama akatega sikio.

"Fungua dirisha, mwanangu," alisema. "Nataka nisikie vizuri."