Vinobu Vinne vya Nguzo

Mama alinipokea mlangoni na kitambaa mkononi, uso umejaa furaha.

"Nimekifuta kile kiboksi cha kaka yako. Kilikuwa na vumbi la mwaka mzima, mwanangu. Sasa ukijiangalia unajiona."

Nikampita mbio kwenda kukitazama. Kile kiboksi kilikuwa pedali yake ya ovadraivu, ambayo mpiga besi huikanyaga ili sauti safi ya gitaa ikwaruze, iwe kama ya mtu aliyetoka kulia. Ina vinobu vinne juu, vile vitufe vya kuzungusha, na mama alikuwa amevizungusha vyote ili kitambaa kifike kila pembe.

Kaka yangu, ambaye bendi nzima inamwita Nguzo, hakuwahi kuandika popote vinobu vile vilikaa vipi. Wiki sita nyuma alirekodi studio beti mbili za wimbo wake mwenyewe, akatoka nje kupunga upepo, na kiharusi kikamwangusha pale pale kizingitini. Ubeti wa tatu ulibaki mtupu. Bendi ikasema nimalizie mimi, kwa kuwa besi nilifundishwa na yeye. Asubuhi hiyo fundi mitambo wa studio aliniambia waziwazi: "Kesho saa nne asubuhi. Keshokutwa nafungasha, jengo linavunjwa. Na uje na sauti ileile. Sikio halina adabu, litasema tu."

Nikakaa chini sebuleni na amplifaya ndogo, nikawa nasikiliza beti za Nguzo kwenye simu, kisha napiga, kisha nazungusha. Nikipandisha ukali, besi inageuka nyuki ndani ya kopo, uzito wote unakimbia. Nikiushusha, inakuwa safi kama maji yaliyochemshwa, haina ladha. Kinobu cha mwisho kinarudisha sauti safi chini ya ile iliyokwaruzwa. Nikakifungua, uzito ukarudi kweli, lakini sasa sauti mbili zikawa zinagombana kama mawifi waliopikia jiko moja. Nikaandika namba kwenye karatasi, nikazifuta, nikaandika tena. Ilipofika saa tisa alasiri karatasi ilikuwa imetoboka.

Mama akachungulia. "Mbona mimi nasikia zote sawa?"

"Mama, tafadhali."

"Basi nirudishe vumbi, mwanangu?"

Nilicheka. Kisha nikamwona anavyokisokota kile kitambaa, midomo inamcheza, nikaacha kucheka.

Nikabeba vitu vyote hadi chumbani kwa Nguzo. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono wa kushoto na neno moja tu: bado. Ukimuuliza kama ameshiba, bado. Kama anaumwa, bado. Siku moja wifi yangu, mkewe, alimuuliza kama anampenda. Akajibiwa bado, akacheka mpaka akalazimika kutoka nje kujifuta macho.

Nikapiga. "Hapa, kaka?"

"Bado."

Nikapunguza ukali. "Na hapa?"

"Bado."

Nikajaribu mara kumi, ishirini. Sikujua kama ananisahihisha au ni ugonjwa tu unaosema. Mwisho uvumilivu ukaniisha, nikapaza sauti: "Sema neno jingine basi! Hata moja!"

Wifi akasimama mlangoni na beseni la kumwogeshea. "Wifi, huyo ni mgonjwa, siyo redio."

Nikaona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikainama kuchomoa waya. Hapo Nguzo akanidaka kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima. Hakuigusa pedali. Aliuvuta mkono wangu wa kulia, ule wa kudonolea nyuzi, akaushusha karibu kabisa na pale nyuzi zinapofungwa, akanikandamizia vidole kwenye uzi mnene mpaka nikaguna kwa maumivu. Kisha akauachilia uzi.

Kiboksi kikanguruma. Nilikuwa nimeacha ukali chini, robo tu, na bado kilinguruma kama mtu anayeombwa asichotaka kutoa. Nikapiga tena kwa nguvu zile zile. Ilikaribia. Jamani, ilikaribia! Nikageuka kumuuliza, lakini alikuwa ameshafumba macho, jasho limemtoka, na wifi akanionyesha mlango.

Kesho yake studio ilikuwa nusu tupu, maboksi yamepangwa ukutani. Fundi mitambo akaunganisha ubeti wangu na zile mbili, akasikiliza kichwa kimeinama.

"Umejitahidi," akasema. "Lakini mshono unasikika."

"Nirudie?"

"Rudia. Au tufute zile zake, upige wimbo mzima wewe. Hapo hakuna atakayejua."

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe. Tangu jana yake nilikuwa nimeogopa kuambiwa sifai. Sikuwa nimefikiria kwamba naweza kufaa kiasi cha kumfuta kaka yangu.

"Usiguse," nikasema. Sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

Nikarudia mara saba. Mara mkono mwepesi, mara mzito kupita kiasi. Mara ya saba ngozi ya kidole ikachubuka, nikaendelea nayo hivyo hivyo hadi noti ya mwisho. Fundi akavua vifaa vya masikioni.

"Mshono bado upo."

"Uache."

Jioni tuliusikiliza chumbani kwa Nguzo, sote wanne. Alikuwa akigonga shuka taratibu kwa kidole. Ubeti wa tatu ulipoingia, kidole kikasimama. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akageuza uso ukutani. Wifi akakaa kitandani, akamwekea mkono mgongoni.

Mama aliomba wimbo urudiwe. Ulipoisha, akanisogelea na kuninong'oneza: "Kaka yako ameishia wapi, na wewe umeanzia wapi?"

Mshono niliusikia vizuri, lakini nilimwambia hata mimi sijui.