Chai Ndani ya Friji

Mama Panya, kama majirani walivyomwita kwa utani, alikuwa na hakika kwamba mwenzake wa maabara, aliyeitwa Miwani, ni mwizi. Kazi yao wawili ilikuwa kuchemsha majani ya mti fulani, kuwanywesha panya maji yake, kisha kuwapa sumu ya wadudu na kuona kama maini yatastahimili. Panya wa majani walidunda. Walionyimwa walitokwa mate wakatetemeka. Ila chupa ya majani ndani ya friji ilikuwa inapungua, na panya hawana funguo.

Nani mwingine kama si Miwani? Mpole mno huyo, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Mama Panya akaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Salamu zake akazijibu nusunusu. Miwani akichelewa kutoka, naye anachelewa. Hakuona kitu, na hilo likamzidishia shaka: kumbe ni mwizi mzoefu!

Basi akamtegea. Dawa yenyewe akaifungia kabatini, chupa ya friji akaijaza chai ya rangi. Kama anawauzia watu, aiuze hiyo, aumbuke.

Wiki haikuisha. Mume wake, mpuliza dawa kwenye maghala ya nafaka, akaletwa nyumbani kabebwa na wenzake, hoi. Mate yanamtoka, mikono inatetemeka, mboni zimesinyaa kama tundu la sindano. Mama Panya hakuhitaji kuambiwa ni nini. Dalili hizo alikuwa akizitazama vizimbani kila siku. Wakamkimbiza hospitali.

Alipopata nafuu, mwanamume yule akatabasamu. Eti anatabasamu!

"Nisamehe, mke wangu. Nikija kukuchukua kazini, nikikusubiri kwenye kile chumba cha friji, nilikuwa napiga mafunda mawili matatu. Si ulisema panya wako wanapona? Barakoa inanibana pumzi, nikaiacha."

Mama Panya akavuta kiti akakaa.

"Na umeona mwenyewe," mume akaendelea. "Daktari kasema nilichungulia kaburi. Majani yako yameniokoa. Nikirudi ghalani utanipa chupa nzima."

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Hakuna ambaye angejua alivyomshuku Miwani wa watu bure, na mume angeendelea kumsifu. Kisha siku moja angeingia ghalani bila barakoa, wamtoe amefunikwa shuka.

"Wiki hii ulikunywa chai," akasema. "Niliiweka mimi. Nilimtegea Miwani, nikakunasa wewe."

Mume akajiinua kitandani.

"Lakini ile ya kabla ilikuwa majani?"

"Ilikuwa majani."

"Basi nirudishie hiyo. Panya wako si wazima?"

"Wazima wapi, mume wangu? Tunawapasua wote. La sivyo, maini yao tungeyaonaje?"