Kuita Mara Moja

Mwirigi alikuwa mtu wa haraka, na haraka haina baraka. Kampuni ya vifurushi ilimpa pikipiki na muda wa majaribio: mizigo mitatu ikirudi bila kupokelewa, naye arudi kwao Embu. Aliitaka kazi ile kuliko chakula. Kilichomtia hasira ni watu wa Muthara. Unafika langoni, unaita jina, na mwenye jina ananyamaza kama hayupo mpaka uite tena. Mwirigi akaona ni maringo tu. Akaapa kuita mara moja, asiyeitika shauri yake.

"Ciakuthii!" aliita asubuhi moja, mkononi ana kifurushi cha sweta.

"Niko, baba. Umekawia," ikajibu sauti ya kizee nyuma ya nyumba, kabla hajafunga mdomo.

Hatimaye mtu mwenye adabu! Akaingia, akaweka kifurushi juu ya kigoda. Ndipo Gatwiri, mkaza mwana wa nyumba ile, akatokea shambani na mzigo wa nyasi za ng'ombe.

"Unatafuta nani?"

"Nimeleta parcel ya mama. Ameitika, anakuja."

Nyasi zikamponyoka. "Mama tulimzika Friday. Uliita mara ngapi?"

"Moja."

"Woi! Kwenu hawakukufunza? Hapa mtu anaitika ya pili. Ya kwanza tunaachia wale wameenda. Sasa umemzoesha. Ataitikia hata majina ya wengine, na yule ameitikiwa anamfuata kaburini."

Mwirigi akacheka, akawasha pikipiki.

Kesho yake, sokoni Kianjai, alisimama mbele ya bucha akaita, "Kasim!"

"Niko, baba. Umekawia."

Sauti ilitoka mgongoni pake, pale abiria hukaa. Kasim akatoka akipangusa mikono, akamuuliza mbona hamteremshi yule mama aliyembeba. Wiki haikuisha. Mwirigi alipopita tena, bucha ilikuwa imefungwa na wanaume wa msikiti walikuwa wamebeba jeneza.

Tangu hapo hakumwita mtu. Alipiga honi, wakatoka mbwa. Alipiga simu, lakini nani hupokea nambari ngeni siku hizi, na matapeli walivyojaa? Mzigo wa kwanza ukarudi, wa pili ukarudi. Naye akajifunza, kwa kuchelewa, ile adabu aliyoidharau. Mama mwenye nyumba aliyopanga akimwita anywe chai, alijikaza kimya mpaka aitwe tena. Aliogopa, na hakuna aibu kulisema.

Siku mzigo wa tatu uliporudi, kazi haikuwa na utamu tena. Alichotaka ni kuacha ufunguo wa pikipiki katika ofisi ya Kinoru na kuondoka kabla mtu hajamtaja. Aliuweka mezani taratibu, akageuka, akaufikia mlango.

Kathambi, meneja, alikuwa amemwonea huruma na kuamua kumwongezea mwezi. Alimwona akitoka, akainuka kitini akitabasamu.

"Mwirigi!"

Alijua Kathambi haiti mara mbili: lazima aitike, na aitike upesi, kabla ya mwingine. Akafungua mdomo. Lakini ulimi ulikuwa umeshafunzika. Ukangoja ya pili.

"Niko, baba," sauti ikaitika sikioni mwake. "Umekawia."