Muzungu wa Unga

Mimi Cibalonza sipendi teatri. Nasema wazi, na mwenye kukasirika akasirike. Mume wangu Cyprien ndiye aliyeipenda, na teatri ndiyo iliyomuua, hapa hapa Goma, katika sali, ule ukumbi wa parokia, watu wote wakiangalia.

Ulikuwa mwaka ule Masisi, kule milimani, ilipowaka moto, wenye kusema Kinyarwanda na makabila mengine wakiuana. Watu walishuka kwa njia ya Sake na magodoro kichwani, wengine wameacha wafu wao nyuma, na mujini kukabaki swali moja tu: weye ni mutu wa wapi? Cyprien alizaliwa Masisi, baba yake pia alizaliwa Masisi katikati ya ng'ombe. Lakini alikuwa murefu na alisema Kinyarwanda, basi ati mugeni. Mimi ni Mushi wa upande wa Bukavu, nimefika hapa juzi juzi, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Rafiki yake Barthélemy, profesa wa Kifaransa kwenye sekondari kama yeye, aliandika muchezo juu ya ubaguzi wa wazungu wa zamani. Muzungu wa shamba la chai anamupiga mufanyakazi wake na fimbo ya ngozi ya kiboko mupaka anakufa. Nani atacheza muzungu? Barthélemy akacheka: "Cyprien, pua ya muzungu unayo tayari." Mume wangu akacheka naye. Mimi sikucheka. Nyumbani nilimwambia, nikimuita kwa jina la mutoto wetu, "Papa Aubin, huu si wakati wa kumupiga mutu mbele ya watu, hata kwa muchezo."

"Mama Aubin," akajibu, "watu wanajua teatri ni nini."

Jumapili, siku ya dimanche, kisha misa kumalizika, sali ikajaa. Cyprien alitoka na kofia nyeupe, uso umepakwa unga wa muhogo. Onésime, aliyecheza mufanyakazi, alilala chini. Fimbo ilipiga sakafu karibu na mugongo wake, naye akalia vizuri mno, wamama wakalia pamoja naye. Kule nyuma vijana waliokimbia Masisi wakasimama. Kwetu, mucheza teatri akikugusa moyo unapanda jukwaani unamubandika noti kwenye paji la uso. Basi walipopanda watatu, watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Wa kwanza alimupokonya Cyprien fimbo akamuchapa nayo machoni. "Mulichoma nyumba zetu, na hapa tena munatupiga?" Mwingine alikuwa na jiwe jeusi la volkano, akamuvunja taya. Onésime akapiga kelele kwamba hakuumia, kwamba ni muchezo, akamulalia Cyprien juu kumukinga. Wakamuvunja Onésime mukono wakamusukuma pembeni. Nami nikapanda. Nilimuuma mumoja sikio mupaka damu yake ikanijaa kinywani, na sijutii. Walinitupa chini kwenye mabenchi.

Ndipo mukubwa wao, yule wa tatu, akachomoa panga chini ya koti akawasimamisha wenzake. Akamugeukia Barthélemy, aliyekuwa amesimama kando ya pazia. Walimuheshimu, wao pia walijua kwamba vijana wengi wa mutaa amewafundisha yeye.

"Profesa, tuambie weye. Huyu ni mutu wa wapi?"

Cyprien alikuwa bado anapumua. Alimuangalia rafiki yake kwa jicho moja lililobaki. Kusema "Masisi" kungetosha, tena ilikuwa kweli.

"Ni Munyarwanda," Barthélemy akasema, "lakini ni mwalimu muzuri."

Ulimi hauna mufupa. Ile "lakini" hakuna aliyeingoja. Panga likashuka shingoni, likashuka tena. Nilitambaa mupaka kwake, nikakishika kichwa chake, unga na damu vikanigandia mikononi. Watu walikuwa wanatoka kwa madirisha.

Kisha miezi mingi kupita, Barthélemy alikuja kwangu. Akakaa bila kukaribishwa. Akasema halali usingizi, kwamba ukabila utamaliza inchi hii, kwamba sasa anaandika muchezo mupya juu ya kifo cha Cyprien ili watu wajifunze. Alitaka ruhusa yangu ya kutumia jina lake.

Nikamuuliza kama mule ndani kuna mutu aliyesimama kando ya pazia.

Halafu akasema pole pole kwamba hapana, yule hakumuweka, angeharibu uzuri wa muchezo.

Chungu cha maharagi kilikuwa motoni. Nilimumwagia chote usoni.