Shimo la Ndizi la Habarurema

Kwa miaka tisa Katungu aliuza kasiksi, mvinyo wa ndizi, mtaani Katoyi mjini Goma, bila kukiona hata siku moja kijiji ulikotoka. Kila wiki lori lilimletea mabido, yale madumu ya plastiki, kutoka kwa mzee mmoja aitwaye Habarurema, aliyeishi mbele ya Rutshuru, kwenye vilima ambako kila nyumba ina migomba yake na mtu wake wa kukamua. Halafu vita vikaziba njia, na Katungu akauza makaa kwa mwaka na zaidi.

Januari 2014, bunduki zilipokuwa zimenyamaza kwa miezi miwili, alipanda pikipiki asubuhi kwenda kuutafuta mvinyo mwenyewe. Alipita Kibumba penye baridi, akapita Rumangabo, akashuka kwenye joto la Rutshuru. Kutoka hapo Modeste, mwenye pikipiki, alisimama mara kwa mara kuuliza njia, na wa kuulizwa walikuwa wachache.

Kijiji kilikuwa kimya. Milango mingi ilikuwa imefungwa kwa kamba za migomba. Ndizi ziliivia juu ya migomba yenyewe, ndege wakizila, zilizobaki zikidondoka na kuoza. Katungu, mtu wa biashara, alitazama ndizi kwanza, nyumba baadaye.

Nyirarukundo, mke wa Habarurema, alimpa kiti na maji. Alimwuliza habari za Goma, za njia, na za Butembo alikozaliwa Katungu. Mazungumzo yalikwenda polepole. Mwishowe Katungu akauliza muzee yuko wapi.

"Iko kule nyuma," mama yule akajibu.

Katungu akadhani yuko kazini. Akangoja. Alipouliza tena, Nyirarukundo aliinuka, akamtangulia katikati ya migomba, akasimama mbele ya tuta la udongo lililofunikwa majani makavu. Lilikuwa pana kupita kaburi la kawaida.

Kueleza hakukumchukua muda. Mwezi wa Oktoba, Habarurema aliweka ndizi mbichi shimoni, akazifunika kwa majani na udongo ziive kwa joto, kama alivyofanya miaka yote. Siku ya kuzitoa, bomu lilianguka uani. Majirani walikuwa wameshafunga mizigo, na hapakuwa na mtu wa kuchimba kaburi.

"Shimo ilikuwa tayari," akasema Nyirarukundo. "Tukatoa ndizi, tukamuweka yeye. Zile ndizi, kila mutu alibeba zake, akakula njiani."

Katungu alitoa pole. Machozi hayakumjia, mtu huyo alimjua kwa ladha tu. Lakini aliona haya kidogo, kwa sababu tangu aingie kijijini alikuwa akihesabu mikungu.

Nyirarukundo alikuwa amerudi kutoka kambi ya wakimbizi wiki tatu zilizopita, na hakuwa amekamua chochote. Kukamua alikujua tangu alipoolewa. Mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi ulikuwa mzima, mtama wa kutia kwenye maji ya ndizi ulikuwepo. Kilichomshinda ni kuchimba shimo jipya. Akishika jembe tu, alisema, anaona anachimba kaburi jingine, na hajui la nani.

Katungu akamwomba hilo jembe.

"Unionyeshe mahali tu, mama," akasema. "Miye sijazika mutu hapa."

Hata mahali hapakupatikana mara moja. Katungu alitaka karibu na njia, ili mizigo isiwe ya kubebwa mbali. Nyirarukundo alitaka mbali na tuta, lakini asiache kuliona. Wakakubaliana nyuma ya jiko. Katungu alichimba hadi viganja vikachubuka, Modeste akikata mikungu iliyokomaa. Mwenye nyumba alikaa pembeni, amekunja mikono. Ila shimo lilipofika kiunoni na Katungu akaanza kutandika majani ya migomba, Nyirarukundo alitazama kidogo, akasema hayatandikwi hivyo, akaingia mwenyewe.

Tangu hapo hakuiacha kazi. Aliyatoa majani, akawasha moto wa kupasha shimo joto, akayatandika upya, akapanga ndizi, akafunika, akashindilia udongo kwa miguu. Saa kumi Modeste alisema vizuizi vya barabarani vitafungwa, na Katungu akaondoka bila hata tone la mvinyo.

Baada ya siku kumi, Modeste alileta mabido mawili. Katungu alionja, akatema, akaonja tena. Mvinyo ulikuwa mwepesi na mtama haukukaangwa vya kutosha. Wateja waliunywa bila kuusifu. Akamtuma Modeste amwambie mama yule akaange mtama mpaka uwe mweusi.

Jibu lilirudi pamoja na mzigo uliofuata. Nyirarukundo alisema anajua, ila kuni zilikuwa mbichi. Safari hii mvinyo ulikuwa mwekundu, mzito, na ulikwisha kabla ya saa sita mchana.